Kazi ikikatika, deni linalipwa na nani?

Leo siandiki habari ya mkutano wala ya barabara. Naandika juu ya swali ambalo tangu mwanzo wa mwaka 2025 watu wananiuliza wanaponikuta sokoni au mlangoni mwa redio: mtu aliyekopa akijua ana mshahara, kazi ikikatika, deni linalipwa na nani? Na ile asiransi aliyokatwa siku ya kuchukua mkopo inafanya kazi gani?

Nalijibu nikiwa mtu aliyepitia njia hiyo, na bado sijafika mwisho wake.

Kwanza tukumbushane namna mambo yalivyokuja. Baraka imekuwa mji wa mashirika kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kuleta ndugu zetu waliokuwa wakimbizi Tanzania kupitia Kigoma, na baadaye mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, vijana wengi wa hapa walipata kazi kwa mashirika: madereva, walinzi, wauguzi, wahamasishaji, watu wa ghala. Mshahara huo ndio uliojenga nyumba nyingi za mabati unazoziona leo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye, tarehe 27 Januari, Goma ikaanguka, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Mwaka uliotangulia, Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa zote za msaada wa kibinadamu katika nchi yetu. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa kabisa. Yaani katika mwezi mmoja tulipoteza mwenye kulipa mishahara, na banki za miji mikubwa ya Kivu zikafunga milango.

Mimi, mbali na kazi ya redio ambayo mapato yake ni madogo, nilikuwa mhamasishaji katika mradi mmoja. Mwezi wa tatu 2024 nilikopa dola 3,000 kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo ili kumaliza nyumba: sementi, mabati, milango na madirisha. Miezi 24, dola 160 kila mwezi. Jumla ya kurudisha ilikuwa 3,840. Dhamana zilikuwa mbili: karatasi ya parseli, na yaya yangu mkubwa, mvuvi, aliyesaini kama mdhamini na kuandikisha mashine ya mtumbwi wake.

Siku ya kutoa pesa walikata dola 30 za dosie na dola 60 za asiransi, nikapokea 2,910. Nilimuuliza karani: «Hii asiransi inafunika nini?» Akanijibu: «Mama, inafunika kila kitu.» Nikaomba kuona karatasi yake. Akasema karatasi iko Bukavu, makao makuu, nitaletewa. Niliandika jibu lake na tarehe katika daftari langu la kazi, maana ndiyo desturi yetu wanahabari. Karatasi haikuletwa. Niliiomba tena mara mbili, mwezi wa tano na mwezi wa tisa, na hizo tarehe pia niliziandika.

Mwisho wa Februari 2025 mradi wetu ukafungwa. Nilikuwa nimelipa mara 11, yaani dola 1,760. Zilibaki dola 2,080. Nilipokwenda kuomba asiransi ifanye kazi yake, ndipo waliponionyesha kipande cha karatasi kwenye simu: inalipa deni kama mkopaji amekufa, au kama amepata ulemavu wa kudumu. Habari ya kupoteza kazi haimo kabisa.

Asiransi zipo za aina gani

Nilianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyakuta. Katika Kongo, kwa miaka mingi asiransi ilikuwa mikononi mwa kampuni moja tu ya serikali, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966. Watu wa vijijini waliijua kwa magari na pikipiki, basi. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni nyingine, na kampuni za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa mwaka 2019. Ofisi ya serikali inayozichunga inaitwa ARCA, na kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya watu juu ya asiransi.

Asiransi ya mkopo inaweza kuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza ni kifo: ukifa, deni linalipwa na mdhamini anaachwa huru. Cha pili ni ulemavu wa kudumu au ugonjwa mzito. Cha tatu ni kupoteza kazi: kampuni inalipa malipo yako ya kila mwezi kwa muda fulani mpaka upate kazi nyingine. Huku kwetu, chumba wanachouza karibu kila mara ni cha kwanza na cha pili. Cha tatu ni cha shida, na kila kampuni inayokiuza inakiwekea masharti mengi.

Hata Ulaya jambo hili liliwashinda watu wenye shule nyingi. Uingereza banki ziliuza kwa miaka mingi asiransi ya kulipia mikopo ya nyumba na mikopo mingine pale mtu anapougua au kupoteza kazi. Ikaonekana kwamba wengi waliuziwa kitu ambacho hakingewalipa kamwe: wengine walikuwa wanajitegemea bila mwajiri, wengine hawakujua kabisa kwamba wanaikatwa. Banki zililazimika kurudisha pauni zaidi ya bilioni 38, na siku ya mwisho ya kudai ilikuwa tarehe 29 Agosti 2019. Nasema hivi ili mtu wa Baraka aliyeambiwa «inafunika kila kitu» asijione yuko peke yake.

Serikali na mwajiri

Wengi huuliza: na ile pesa ya CNSS iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara? Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huweka asilimia 13. Pesa hizo zina kazi tatu: pensheni, posho za familia, na ajali au magonjwa ya kazini. Posho ya mtu aliyekosa kazi haimo. Hifadhi namba yako na karatasi zako za malipo kwa ajili ya uzee wako, lakini usizihesabu kwa deni la mwezi huu.

Kwa mwajiri iko haki. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inasema mwenye mkataba usio na tarehe ya mwisho, akiondolewa, apewe taarifa ya siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka mitatu ana siku 35. Mwenye mkataba wa muda maalumu hana taarifa hiyo, maana tarehe ya mwisho inajulikana tangu mwanzo. Lakini mkataba ukivunjwa kabla ya tarehe bila sababu ambayo sheria inaikubali, anaweza kudai mishahara iliyobaki mpaka mwisho. Mimi mkataba wangu ulikuwa wa kumalizika mwezi wa tatu. Nilidai mwezi uliobaki kwa barua, nikaupata. Hizo ndizo pesa zilizotupa unga nyumbani.

Kuna jambo lingine la sheria ambalo lilinisaidia kujua hatari iko upande gani. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya serikali, na haki kamili ya mtu juu ya parseli inaonekana kwenye cheti cha uandikishaji. Rehani ya kweli huandikwa juu ya cheti hicho. Wengi wetu hapa tuna karatasi ya kuuziana tu, yenye saini ya chifu na mashahidi. Kwa hiyo mkopeshaji anajua kwamba kuuza nyumba yako kutamchukua muda na kesi. Anaanza pale penye wepesi: kwa mdhamini. Katika dosie yangu, kitu cha kwanza kuchukuliwa kingekuwa mashine ya mtumbwi wa yaya, na bila mashine hiyo watoto saba hawali.

Yaya na vyumba viwili

Nilikwenda kumwona jioni, akiwa anashona nyavu. Nikamweleza yote bila kupunguza. Aliendelea kushona, kisha akasema: «Mdogo wangu, mimi nilisaini kwa sababu yako, sikusaini kwa sababu ya kazi yako. Sasa niambie una nini mkononi.»

Mkononi nilikuwa na nyumba yenye vyumba viwili vya ziada ambavyo vilikuwa vimekamilika. Lakini wakati huohuo watu walikuwa wanashuka kutoka Uvira, wengine wametoka Bukavu na Kamanyola, na vitu vyao kichwani. Mama mmoja, wa ukoo wa mume wangu, alifika na watoto wanne. Nilikuwa nimempokea katika chumba kimoja tangu siku ya kwanza. Yaya alijua.

«Kwa vyumba viwili utapata dola 50 kwa mwezi,» akasema.

«Yaya, nitamtoza kodi mtu aliyekimbia na sufuria moja?»

Akanyamaza. Halafu akajibu: «Hapana. Nasi tulipokimbilia ng'ambo, watu walitupa mahali. Kimoja apangishwe mwenye mshahara, kingine kaa na mgeni wako. Zilizopungua tutazitafuta ziwani.»

Ndivyo tulivyofanya. Chumba kimoja amekaa mwalimu, dola 25. Mama yule hakukaa bure pia kwa namna yake: alikuwa na biashara ya mawese huko alikotoka, akanifundisha kununua mafuta msimu wa wingi na kuyaweka mpaka bei ipande. Nasema haya kwa sababu kuna maneno mjini kwamba wakimbizi wa ndani wanaleta mzigo tu. Katika hesabu ya deni langu, yeye yuko upande wa wanaoingiza.

Baada ya kupata hesabu hiyo nilikwenda kwa mkopeshaji kabla ya kukosa hata mwezi mmoja. Nilibeba barua ya mwisho wa kazi, risiti zangu 11, daftari lenye tarehe nilizoomba karatasi ya asiransi, na pendekezo lililoandikwa. Walinikatalia mara ya kwanza. Mara ya pili nilikwenda na yaya. Mkuu wa ofisi aliposoma tarehe za daftari, alikubali kukaa nasi. Deni lilirefushwa: badala ya dola 160, nilipe 90 kwa miezi 26. Jumla inakuwa 2,340, yaani nimeongezewa 260 juu ya zile 2,080. Si rahisi, lakini mashine ya yaya iko ziwani.

Mwuguzi na karatasi yake

Mwezi wa saba, mwuguzi mmoja ninayemfahamu, ambaye kazi yake bado inaendelea, alinijia na karatasi ya Kifaransa. Alitaka kukopa dola 1,500 anunue parseli. «Dada, nisomee vizuri, wananiambia nichague asiransi.» Tulikaa chini ya mwembe tukaisoma mstari kwa mstari.

Ya kwanza ilikuwa ya kifo na ulemavu, asilimia 1.5 ya mkopo: dola 22 na nusu. Ya pili iliongeza kupoteza kazi, asilimia 4: dola 60. Tofauti ni dola 37 na nusu. Kwa macho ya haraka, ya pili ni nzuri. Lakini chini, kwa herufi ndogo, masharti yalikuwa haya: hailipi kitu katika siku 90 za kwanza, inalipa malipo matatu tu, kisha basi, hailipi aliyeacha kazi mwenyewe wala aliyefukuzwa kwa kosa, hailipi kama mkataba wa muda maalumu umefika mwisho, hailipi kama sababu ni vita au fujo.

Nikamuuliza: «Mkataba wako ni wa muda gani?»

«Miezi sita, wanaurudia.»

«Na kama wasipourudia?»

Aliangalia karatasi tena, akacheka kidogo. Kwake yeye, njia karibu zote ambazo kazi inaweza kukatika zilikuwa zimetolewa nje: mkataba kuisha, au vita. Asiransi ile inaweza kumfaa mtu mwenye mkataba usio na mwisho, katika mji wenye amani. Akachagua ya kwanza, kwa sababu kifo hakiulizi mkataba, na hakutaka mama yake aliyesaini kama mdhamini abaki na deni. Zile dola 37 na nusu akaziweka akiba, na kila mwezi anaongeza 12. Tena akatoa nakala ya karatasi akampa mume wake, maana asiransi ya kifo ambayo nyumbani hakuna anayeijua hakuna atakayeidai.

Na sanduku letu?

Katika AVEC yetu tuko watu 22. Mnajua taratibu zake: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila mtu ananunua kuanzia sehemu moja mpaka tano kwa juma, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, na sasa uko karibu kila kijiji chetu. Mwezi wa sita, sisi tisa tulio na madeni au mshahara tuliamua kuweka pembeni dola 5 kila mmoja kwa mwezi. Kazi ya mmoja ikikatika, anapewa dola 40 kwa mwezi, miezi mitatu.

Lazima niseme udhaifu wake. Dola 45 kwa mwezi zinamtosha mtu mmoja. Mwezi wa pili 2025, watano kati yetu tulikosa kazi katika juma moja. Kampuni kubwa ya asiransi ina watu wa miji mingi. Lubumbashi ikiugua, Kinshasa inalipa. Sisi wote tuko katika mtumbwi mmoja, na dhoruba ikija inatupiga pamoja. Kwa hiyo sanduku ni msaada wa msiba mmoja mmoja. Kwa dhoruba ya wote, kila nyumba inahitaji akiba yake na chanzo cha pili cha pesa ambacho hakitegemei mashirika: shamba la mihogo, mawese, dagaa, cherehani, chumba cha kupangisha.

Kabla ya kusaini

Kwa atakayekopa, uliza maswali haya mbele ya shahidi, na uandike majibu:

1. Asiransi hii ni ya kampuni gani, na ina ruhusa ya ARCA?
2. Inalipa nini: kifo, ulemavu, kupoteza kazi?
3. Je, mkataba kama wangu umo ndani au umetolewa nje? Na vita?
4. Inaanza lini, na inalipa miezi mingapi?
5. Nakala yangu iko wapi, leo, kabla pesa hazijatoka?

Wakikuambia karatasi iko mji mwingine, na mkopo usubiri mpaka karatasi ifike.

Kwa ninyi mliokimbia kutoka Goma, Bukavu na kwingine mkiwa na madeni huko: kufungwa kwa banki si kufutwa kwa deni. Tunza kitabu chako, risiti, hata ujumbe wa simu. Kama risiti ziliungua au ziliibwa, andika leo kwenye daftari tarehe na kiasi unachokumbuka, kabla kichwa hakijasahau. Mtu akikupigia simu akijiita wa banki na kukuomba utume pesa kwa namba yake ya simu, usitume. Mwombe aje na karatasi, au subiri ofisi ifunguliwe. Na mdhamini wako mpelekee habari ulipo. Anayenyamaziwa ndiye anayefikiri ametupwa.

Mpaka Novemba 2025 nilikuwa nimelipa mara 7 za mkataba mpya, dola 630. Zilikuwa zimebaki 1,710. Mwenye karatasi ya asiransi asiyoielewa aje nayo redioni Jumatano asubuhi, kabla ya taarifa ya habari ya saa sita. Tutaisoma pamoja, na hatutataja jina la mtu hewani.